Otto Bayer, muzee wa mousse: kifungo alichofunga na wale wanaojaribu kukifungua

Watu wanapohama, matela inapanda juu ya kichwa ao inafungwa nyuma ya pikipiki, mara nyingi mbele ya sufuria. Wakaaji wa Goma, Bunia, Uvira ao Kalemie hawahitaji kuelezewa jambo hilo. Ukiwa na matela, umepata pa kulaza watoto, hata kama juu yako iko turubai tu.

Ndani ya matela nyingi zinazouzwa masokoni mwetu kuna kitu ambacho tunaita tu mousse. Kwa lugha ya kemia, ao shimi vile wanafunzi wetu wanavyosema, jina lake ni poliuretani. Ni povu, sawa lile la sabuni, lakini povu lililoganda na kubaki hivyo. Mutu aliyelifungulia njia ni Mujerumani Otto Bayer, aliyekufa mwaka wa 1982. Leo, katika muji uleule alikofanyia kazi, wanakemia wengine wanatafuta namna ya kuvunja kile alichokijenga. Hawana chuki naye. Shida ni kwamba alikijenga kwa nguvu sana. Na hadithi hiyo inatugusa hata huku, maana matela ikizeeka hairudi Ulaya, inabaki na sisi.

Jina lake linadanganya watu. Ukisikia Bayer unafikiri aspirini na ile kampani kubwa ya dawa. Kweli alifanya kazi humo, lakini hakuwa wa jamaa ya Friedrich Bayer aliyeanzisha kampani hiyo mwaka wa 1863. Ni majina tu yalikutana, sawa vile kwetu watu wawili wanaweza kuitwa Bahati bila undugu wowote. Otto alizaliwa Frankfurt am Main tarehe 4 Novemba 1902. Alisoma kemia katika chuo kikuu cha muji huo, kwa profesa Julius von Braun, na mwaka wa 1924 akapata udaktari wake, kijana bado wa miaka ishirini na kitu. Kisha akaingia kazini katika kiwanda cha rangi cha Cassella, palepale Frankfurt.

Rangi za vitambaa wakati ule zilikuwa mali kubwa. Kemia ya Ujerumani ilikomalia katika rangi, kisha ikaenda kwenye dawa, picha, mbolea na mpira. Mwaka wa 1925 viwanda vikubwa vya kemia vya inchi hiyo viliungana na kuwa kampani moja iliyoitwa IG Farben, na hivyo Otto Bayer akajikuta mufanyakazi wa moja ya kampani kubwa kabisa za kemia duniani. Walimuona anafaa. Alipokuwa na miaka 31 hivi, walimupeleka Leverkusen, kando ya muto Rhine, karibu na Köln, aongoze laboratori kubwa ya utafiti ya kampani. Leverkusen ni muji ambao hata jina lake limetoka kwa mutengeneza rangi, Carl Leverkus.

Kuweka kijana wa miaka 31 juu ya wazee wa kazi si jambo dogo. Kuna waliomunung'unikia, na yeye mwenyewe akachagua njia ambayo wengi waliiona haina maana.

Tuelewe kwanza mambo ya wakati ule. Katika kampani ya DuPont huko Marekani, mwanakemia Wallace Carothers alikuwa amepata nailoni mwaka wa 1935. Ilikuwa ajabu: uzi wenye nguvu uliotoka katika laboratori, bila pamba, bila hariri. Wamarekani wakazungushia nailoni haki zao za uvumbuzi kila upande, kusudi mutu mwingine asiiguse bila kulipa. Wajerumani walipaswa ao kulipa, ao kutafuta barabara yao. Otto Bayer alitafuta barabara.

Barabara yake ilipita kwenye dawa kali inayoitwa isosianati. Haikuwa mupya, Mufaransa Charles-Adolphe Wurtz alikuwa ameitengeneza tangu 1849. Lakini hakuna aliyekuwa ameitumia kujenga plastiki. Wazo la Bayer lilikuwa hivi. Uchukue chembe ndogo ya isosianati yenye mikono miwili. Uchukue chembe nyingine, jamaa ya alkoli, nayo yenye mikono miwili. Hiyo leo tunaiita polioli. Uzikutanishe. Mikono itashikana, na kila chembe itashika nyingine upande wa kuume na upande wa kushoto, mpaka upate mulolongo murefu sana, sawa watoto walioshikana mikono kuvuka barabara. Na tofauti na nailoni, ambayo inapofungana inatoa maji pembeni, hapa hakuna kinachotupwa inje: kila kitu ulichotia ndani kinabaki ndani.

Majaribio ya kwanza hayakupendeza. Walipokutanisha isosianati na amini, walipata kitu kigumu ambacho hakiyeyuki na hakifai kwa uzi. Walipobadilisha na kutumia jamaa ya alkoli, njo ikakubali. Tarehe 13 Novemba 1937 kampani iliandikisha haki ya uvumbuzi huo. Kwenye karatasi hiyo Bayer hayuko peke yake. Kuna wengine kama Heinrich Rinke na Werner Siefken. Inafaa kusema jambo hilo, maana sifa za kazi ya wengi zinapenda kumuangukia mukubwa wa kazi peke yake, Ulaya sawa kwetu.

Kumbuka kwamba walikuwa wanatafuta uzi, si matela. Na uzi waliupata: ulitumika hata katika nywele za brashi. Povu lilikuja kama ugonjwa. Kila mara plastiki yao ilitoka na matundu ndani, wakati walitaka iwe laini na imara. Inasimuliwa kwamba kipande kimoja kilipopelekwa kwa wapimaji wa kampani, jibu lilikuwa la kejeli: kitu hicho kinafaa labda kuiga ile jibini ya Waswisi yenye matundu. Mwaka wa 1941 wakatambua matundu yanatoka wapi. Kulikuwa unyevu kidogo na asidi kidogo vilivyobaki ndani ya polioli. Isosianati ikikutana na maji inatoa gazi, ile gazi ya kaboni tunayopumua inje na ambayo inacheza katika soda. Gazi inataka kutoka, lakini plastiki inaganda haraka, na inakamatwa humo ndani.

Mama yeyote anayechoma mandazi anaelewa. Chachu inatoa gazi, unga unavimba, mafuta ya moto yanagandisha. Ukipasua andazi unaona vyumba vidogo. Matela ni hivyohivyo, isipokuwa hapa maji yanafanya kazi ya chachu. Kosa la matundu, Bayer na watu wake waliligeuza kazi: wakaacha kufukuza maji, wakaanza kuyapima.

Hapa hadithi inaingia gizani, na hatutaipita mbio. Miaka hiyo ilikuwa ya Hitler. IG Farben ilikuwa kiwanda cha vita. Karibu na kambi ya Auschwitz, kampani hiyo ilijenga kiwanda cha mpira wa kutengenezwa, na wafungwa wa Kiyahudi na wengine walifanyishwa kazi humo mpaka kufa. IG Farben ilikuwa pia na hisa katika kampani iliyouza Zyklon B, sumu iliyoua watu katika vyumba vya gazi. Vita ilipoisha, Wamarekani walishitaki wakubwa 24 wa IG Farben kule Nuremberg, na mwaka wa 1948 watu 13 kati yao walihukumiwa. Otto Bayer hakuwa kati ya walioshitakiwa. Alikuwa mutu wa laboratori, si wa baraza la wakubwa. Lakini povu lake gumu lilitumika katika ndege za vita, rangi na gundi zake vilevile, na mushahara wake ulitoka katika mufuko huohuo. Vitabu vingi vya plastiki vinarukia kutoka 1937 mpaka matela, sawa miaka minane ile haikuwepo. Sisi tunaoishi mahali ambapo mali ya biashara na damu ya watu vimechanganyika kwa muda murefu, hatuna sababu ya kuruka hivyo.

Baada ya vita, IG Farben ilivunjwa. Mwaka wa 1947, katika inchi yenye njaa na miji iliyobomoka, Bayer alitoa makala ndefu katika gazeti la kemia la Kijerumani, akieleza kazi yote ya isosianati toka mwanzo. Makala hiyo iliweka mezani mbele ya dunia yale ambayo vita ilikuwa imefunga. Mwaka wa 1951 kampani ya Bayer ikazaliwa upya, na yeye akaendelea kuongoza utafiti wake.

Mousse laini, hii yetu ya kulalia, ilitoka mwanzo wa miaka ya 1950. Walichagua isosianati nyingine, iliyo rahisi kupatikana, na polioli zenye mulolongo murefu unaonyumbuka. Wakaunda mashine zinazochanganya vinyevu viwili kwa sekunde chache na kuvimwaga vikichemka juu ya mukanda unaotembea. Katikati ya miaka hiyo kampani za Marekani na za Ujerumani zikaleta polioli za bei nafuu zaidi, na hapo mousse ikawa ya kila mutu. Kabla yake matela ilijazwa nyasi, majani makavu, pamba, manyoya ya farasi, ao mpira wa miti. Povu la mpira lilikuwa zuri lakini ghali, na mpira huo, muzee yeyote wa Kongo anajua babu zetu waliulipia bei gani.

Utengenezaji haukubadilika sana toka wakati huo. Maji ya polioli, karibu theluthi mbili ya muchanganyiko, yanakutana na isosianati, pamoja na maji ya kawaida kidogo na dawa za kuharakisha. Kwa dakika chache kinyevu kinapanda na kuwa tofali kubwa refu kuliko motokari. Wanaliacha lipoe, maana ndani yake kuna joto kali linaloweza hata kuwasha moto, kisha wanalikata kwa kisu cha mashine. Sehemu kubwa ya matela ni hewa: mousse ya kulalia iliyojaa mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 20 mpaka 40 hivi. Njo maana matela mbili zenye kipimo kimoja zinaweza kuwa na bei tofauti. Ile yenye kilo nyingi ina plastiki nyingi na hewa kidogo, haitabonyea upesi. Ingawa uzito nao unaweza kudanganya, sababu kuna wanaochanganya unga wa chokaa ndani kusudi tu mizani ipande.

Povu gumu likafuata njia yake. Liko katikati ya kuta za frigo, mule huoni. Liko ndani ya kuta za masanduku mengi ya baridi ambayo waganga wanabeba begani wakati wa kampeni ya chanjo ya polio, wakipanda milima ambako hakuna umeme. Mutoto wa Walikale ao wa Minembwe aliyepata tone la chanjo lililo bado na nguvu, huenda analo deni dogo kwa matundu yale yaliyochekwa. Liko katika viti vya motokari, soli za viatu, mabomba ya joto. Mwaka wa 1967, katika maonyesho makubwa ya plastiki ya Düsseldorf, kampani ya Bayer pamoja na BMW walionyesha motokari ambayo muili wake wote ulikuwa plastiki. Mwaka wa 1975 Wamarekani walimupa Otto Bayer medali ya Charles Goodyear, heshima kubwa kwa watu wa kemia ya mpira. Alifanya na mambo mengine, hasa dawa inayotoa uzi wa akriliki wa majira, na alishiriki kusimamia vitabu vizito vya njia za kemia ambavyo wanakemia wa Ujerumani walivitumia kizazi kwa kizazi. Alifariki Burscheid, kijiko kimoja tu toka Leverkusen, tarehe 1 Agosti 1982, akiwa na miaka 79.

Katika yote aliyopewa sifa, moja ilirudiwa sana: mousse haiozi. Panya hawaishibi, maji hayaiyeyushi, joto la kawaida haliibadilishi. Hiyo ilikuwa furaha. Karibu hakuna aliyeuliza itakwenda wapi siku mwenye nayo atakapochoka nayo, na kwa maoni yetu hilo njo pengo la kizazi chake chote, si lake peke yake.

Turudi kwenye mikono. Ukitumia chembe zenye mikono miwili tu, unapata kamba. Kamba nyingi zikilala pamoja zinaweza kuteleza, kwa hiyo ukizichoma zinayeyuka, na zikipoa zinaganda upya. Beseni na bidoni viko hivyo: fundi anaweza kuviyeyusha na kutengeneza kitu kingine. Lakini ili matela irudi juu baada ya kulaliwa, watengenezaji wanatia polioli yenye mikono mitatu. Hapo hupati tena kamba, unapata wavu. Wavuvi wa Tanganyika wanajua: kamba unaweza kuivuta na kuifungia kitu kingine, lakini wavu uliofungwa kila fundo hauwezi kuwa kamba bila kukata. Matela nzima, kwa kusema kweli, ni wavu mumoja mukubwa. Uichome, haitayeyuka ikawa kinyevu safi cha kumwaga tena. Itaharibika na kuungua.

Na ikiungua ni hatari. Moshi wa mousse una monoksidi ya kaboni na sianidi, sumu mbili zinazomukosesha mutu pumzi haraka. Mishumaa na taa za mafuta karibu na matela vimemaliza jamaa nzima katika vyumba vidogo, na mara nyingi ni moshi uliotangulia kuua, si ndimi za moto. Kwa hiyo wale wanaochoma matela kuukuu nyuma ya nyumba, ao kutumia vipande vyake kuwashia mbabula, waache. Watoto wanaosimama karibu njo wanavuta kwanza.

Kuna na deni lingine. Kwa miaka mingi watengenezaji walivimbisha mousse, hasa ile ngumu ya frigo, kwa gazi inayoitwa CFC-11. Haikunuka, haikuwaka, ilikuwa rahisi. Baadaye ikajulikana kwamba inatoboa tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Mapatano ya Montreal ya mwaka wa 1987 yalianza kuipunguza mpaka kuikataza. Lakini frigo za zamani bado zimeifungia ndani, na mutu anapozivunja kutafuta shaba na chuma, inatoka.

Sasa wajukuu wa kazi ya Otto Bayer wako wapi? Mwaka wa 2015 kampani ya Bayer ilitenga kazi zake za plastiki na kuzipa jina mupya, Covestro. Makao yake yako Leverkusen. Njo huko, katika muji uleule, wanatafuta sasa kufungua kifungo.

Njia ya kwanza haina kemia nyingi: kukata-kata mousse kuukuu, kuinyunyizia gundi, kuibana. Inatoka mousse nzito yenye madoadoa ya rangi nyingi, inayowekwa chini ya tapi ao ndani ya viti. Fundi wa kwetu anayejaza mito kwa vipande vya mousse anafanya jambo la karibu na hilo, na hapaswi kudharauliwa. Lakini wavu unabaki wavu, na kila mara kitu kinashuka hali.

Njia ya pili ni kuchemsha mousse pamoja na jamaa ya alkoli kwenye joto la karibu digri 200. Kifungo kinalegea, wavu unakatika, unapata kinyevu kizito chenye polioli. Watu wanaijua tangu zamani. Kampani ya Dow iliichukua katika kazi yake huko Semoy, Ufaransa, ambako kiwanda kilichofunguliwa mwaka wa 2021 kimepangwa kupokea matela mpaka 200 000 kwa mwaka. Ufaransa ina sheria inayomulazimisha anayeuza matela kulipia pia mwisho wake, na bila sheria hiyo sijui nani angezikusanya. Ubaya wa njia hiyo: unaokoa zaidi nusu moja ya ndoa, upande wa polioli. Upande wa isosianati unapotea ao unabaki kama uchafu ndani.

Na upande huo njo wenye gharama na hatari. Isosianati inatengenezwa kwa fosjeni, gazi ambayo katika Vita Kuu ya Kwanza iliua maaskari kwa maelfu. Viwanda vyake vinalindwa sana, na wafanyakazi wanaovuta isosianati yenyewe wanaweza kupata pumu isiyopona. Tangu Agosti 2023 Ulaya inadai mutu afundishwe kwanza kabla ya kuitumia kazini. Ndani ya matela iliyokwisha kuganda haina tena makali hayo. Lakini ukiweza kuokoa chembe za upande huo kutoka matela kuukuu, utahitaji petroli kidogo zaidi kutengeneza mupya.

Hilo njo jambo ambalo Covestro ililenga. Kuanzia mwaka wa 2019, katika kazi ya pamoja iliyoitwa PUReSmart, iliyolipiwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na kampani ya Recticel ya Ubelgiji, walitafuta namna ya kuvunja mousse mpaka kupata pande zote mbili: polioli, na ile amini ambayo isosianati inatengenezwa kutoka kwake. Mwaka wa 2021 Covestro iliwasha mutambo wa majaribio Leverkusen kwa kazi hiyo. Katika kundi hilohilo, watafiti wa vyuo vikuu vya Ubelgiji walijaribu jambo la mbali zaidi: kutengeneza wavu ambao mafundo yake yanaweza kufunguka kwa joto na kujifunga tena, kusudi mousse ya kesho iwe na nguvu ya wavu na utii wa kamba.

Pembeni ya hayo, huko Dormagen, si mbali na Leverkusen, Covestro ilifungua mwaka wa 2016 mutambo unaotengeneza polioli ambayo mpaka asilimia 20 yake ni gazi ya kaboni, mahali pa petroli. Ni gazi ileile iliyotoboa plastiki ya Bayer mwaka wa 1941. Safari hii haikai ndani ya tundu. Imeingia katika mulolongo wenyewe. Tusizidishe sifa: sehemu nyingine nne kwa tano bado zinatoka kule zilikotoka, na kampani inayouza plastiki ina faida ya kuonekana safi.

Mahali pagumu, wanaofanya kazi hiyo wanajua, si kemia peke yake. Mousse hazifanani. Moja ina dawa ya kuzuia moto, nyingine ina polioli ya namna nyingine, nyingine imelowa jasho na mukojo wa miaka kumi. Ukizichanganya katika chungu kimoja, kinachotoka hakifai. Kwa hiyo PUReSmart ilitumia nguvu nyingi katika kuchagua: mashine zinazoangalia kila kipande kwa mwanga na kutambua ni jamaa gani, kabla hakijaingia katika moto. Na mbele ya mashine kuna magari ya kukusanya, mahali pa kukausha, mutu wa kuondoa kitambaa, waya na springi. Matela ni kubwa na nyepesi, kusafirisha kwake ni kusafirisha hewa. Kutoka Frankfurt mpaka Leverkusen ni barabara nzuri ya saa mbili hivi. Kutoka Shabunda mpaka bandari, kila musomaji anaweza kujihesabia mwenyewe.